Nywele zinatoka: tafuta chanzo kabla ya kutafuta dawa

Mwanamke wa kwetu Zanzibar akianza kuona nywele zinabaki kwenye kitana, kitu cha mwanzo anachopewa ni chupa. Jirani humtajia mafuta ya habasoda, shangazi humwambia aroweke uwatu, msusi humuuzia mchanganyiko wake, na mwenye uwezo huteremka sokoni Darajani akarudi na vidonge vya nywele na kucha. Wote wanamtakia kheri, lakini hakuna hata mmoja aliyekitizama kichwa chake. Na nywele hutoka kwa sababu nyingi zisizofanana. Za mzazi aliyejifungua miezi mitatu nyuma si sawa na za msichana anayesuka rasta mwezi hadi mwezi, wala za mama wa miaka 50 ambaye utosi umeanza kung'ara. Wa kwanza mara nyingi hahitaji dawa yoyote. Wa pili anahitaji kubadilisha msuko. Wa tatu akichelewa, nywele zilizokwenda hazirudi tena, na huyu ndiye ninayemuhofia zaidi.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Nyingi hazigharimu kitu.

Hatua ya kwanza: zitizame zilizotoka

Wengi tumelelewa tusitupe nywele ovyo. Tunazikusanya, kisha tunazifukia. Basi kabla ya kuzifukia, zitandaze juu ya kitambaa cheupe na uzitizame kwa makini.

Unywele uliotoka na mzizi wake una urefu sawa na zile zilizobaki kichwani, na ncha yake moja ina kijipunje cheupe. Uliokatika ni mfupi, hauna punje, na ncha zake mara nyingi zimechanikachanika. Haya ni matatizo mawili mbalimbali. Kukatika ni maradhi ya unywele wenyewe: dawa ya kulainisha nywele iliyokaa sana kichwani, pasi ya moto, rangi, kitana chembamba kilichopitishwa kwenye nywele kavu za kipilipili. Akina mama wanaolima mwani, kule Paje na Jambiani au pwani za Pemba, huongezewa jua na maji ya chumvi yanayokausha nywele mpaka zikawa nyepesi kuvunjika. Dawa yake ni upole: suuza chumvi kwa maji ya kawaida, paka mafuta ya nazi, chana nywele zikiwa na unyevu kwa kitana chenye meno mapana, anzia nchani uende juu. Hakuna haja ya vipimo vya damu kwa nywele zinazokatika tu.

Zikiwa zina punje, endelea kusoma.

Lakini usihamaki kwa wingi peke yake. Mtu mzima mwenye afya hutokwa na nywele 50 hadi 100 kwa siku. Aliyesuka haoni, kwa sababu zilizotoka hubaki zimeshikwa ndani ya msuko. Ukifumua msuko wa wiki sita, rundo linalokutisha ni la siku 42 zote kwa pamoja, na linaweza kupita nywele 2,000 bila ya kuwa na ugonjwa wowote.

Kipimo kizuri zaidi ni hiki. Siku ambayo hujaosha kichwa, shika kifungu cha nywele kama 50 kati ya vidole, uvivute taratibu kutoka kwenye ngozi hadi nchani. Zikitoka mbili tatu, hilo la kawaida. Zikitoka zaidi ya sita, na ukijaribu sehemu nyengine ikawa vivyo hivyo, nywele kweli zinatoka kwa wingi.

Hatua ya pili: tizama zinatoka sehemu gani

Kaa uani au mlangoni penye mwanga, nywele zikiwa zimefumuliwa, na umuombe mtu unayemuamini akutizame nyuma. Mpe simu apige picha: utosi, paji la uso, panja zote mbili na kisogo. Andika tarehe.

*Panjani na mbele ya paji.* Nywele zikirudi nyuma hapa, huku ukingoni kumebaki kamstari ka nywele fupi nyembamba, mara nyingi chanzo ni kuvutwa. Misuko ya kulaza iliyokazwa, rasta nzito na ndefu, nywele za kushonea, au kifungo kimoja cha mpira kinachokazwa kisogoni kila asubuhi chini ya mtandio, pahala pale pale, miaka nenda miaka rudi. Dalili zake tunazijua wote, tumezizoea tu: ngozi inauma usiku wa kwanza, huwezi kulalia upande, unameza panadoli, kisha kesho yake vinachomoza vipele vidogo vyeupe kwenye mistari ya msuko. Vipele vile ni vishina vya nywele vinavyolia. Msuko unaouma umekazwa kupita kiasi, na ni haki yako kumwambia msusi alegeze hapo hapo, hata kama ameshafika nusu ya kichwa.

Watoto wetu wa kike ndio wanaoumia zaidi. Wanasukwa tangu hawajaanza skuli, ngozi yao ni laini, na hawana sauti ya kukataa. Mtoto anayelia kitini kwa msusi hadeki.

Habari njema ni kwamba mwanzoni nywele hizi hurudi. Acha kuvuta kwa miezi kadhaa, suka misuko minene isiyo na nyongeza, usianzie kwenye vinyweleo vya ukingoni, usikae na msuko zaidi ya wiki sita hadi nane, na ukipumzishe kichwa baina ya msuko na msuko. Usisuke ndani ya wiki mbili baada ya kutia dawa ya kulainisha, maana hapo unywele na ngozi vyote vimechoka. Ukiendelea kuvuta kwa miaka, matundu ya nywele huziba kwa kovu. Hapo mafuta ya aina yoyote hayana cha kuotesha.

*Utosini.* Hapa kuna mambo mawili yanayofanana kwa mbali na kutofautiana sana kwa karibu.

La kwanza ni wembamba wa kurithi. Njia unayoigawa nywele katikati inapanuka mwaka hadi mwaka, ngozi inaonekana, lakini ukingo wa mbele umebaki. Hakuna kuwasha wala kuuma. Huja zaidi baada ya hedhi kukatika, ingawa huweza kuanza mapema. Huenda polepole, na unaweza kuupunguza kasi kwa dawa nitakayoitaja mbele.

La pili ni upaa wa kovu unaoanzia katikati ya utosi na kutanuka kama duara. Unawapata sana wanawake wenye asili ya Kiafrika, aghalabu kuanzia miaka ya 30 kwenda juu. Wengine huhisi muwasho, kuchomachoma, au maumivu wakigusa pale; wengine hawahisi kitu, wanaona tu nywele za utosini zinakatika fupi na hazikui. Ngozi huwa nyororo, inang'ara, na ukiisogelea huoni vile vitundu vidogo ambavyo nywele hutokea. Kwa muda mrefu wanawake walilaumiwa kuwa wamejiunguza kwa vitana vya moto na dawa. Mnamo 2019 watafiti walionyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa kuna kasoro ya kurithi katika jeni inayohusika na umbile la unywele. Kwa hivyo ukiwa na mama, khalati au dada mwenye upaa wa utosini, wewe ujitizame mapema zaidi, na ukae mbali na moto, dawa kali na mivuto.

Ugonjwa huu hausubiri. Ukikutwa mapema daktari anaweza kuuzuia usienee, kwa sindano au dawa za kupaka za kupunguza uvimbe, na pengine vidonge vya antibiotiki vya aina ya doksisaiklini. Sehemu iliyokwisha kuwa kovu hairudi. Ukiona utosi unawasha, unang'ara au unauma, ruka hatua zote zilizobaki, nenda hospitali wiki hii.

*Vidoa vya mviringo.* Kidoa laini kama kiganja, hakina magamba, kimetokea ghafla: hapo kinga ya mwili inashambulia mizizi ya nywele. Mara nyingi nywele huota zenyewe ndani ya mwaka, na daktari anaweza kusaidia kwa sindano. Kidoa chenye magamba, kinachowasha, na nywele zimekatika karibu na ngozi kama vinukta: hayo ni mapunye. Ni ya fangasi, yanaambukiza, na dawa ya kupaka peke yake haitoshi kwa sababu fangasi wameingia ndani ya unywele. Yanataka vidonge vya hospitali. Osheni vitana vya nyumba nzima, na mtizame watoto wote.

*Kichwa kizima.* Zikiwa zinatoka kila mahali kwa pamoja, bila kidoa wala kovu, chanzo kiko mwilini. Nenda hatua ya tatu.

Hatua ya tatu: rudi nyuma miezi mitatu

Unywele huota kwa miaka miwili hadi sita, kisha hupumzika kama miezi mitatu kabla ya kudondoka. Mwili ukipata mshtuko mkubwa, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa wakati mmoja, na zinadondoka kwa pamoja miezi miwili mitatu baadaye, wakati tukio lenyewe umeshalisahau. Ndiyo maana tunalaumu sabuni mpya tuliyonunua juzi.

Kwa hivyo usijiulize umetumia nini wiki hii. Jiulize kilitokea nini miezi mitatu iliyopita. Homa kali, iwe ya malaria, ya dengi au ya kichomi. Upasuaji. Kujinyima kula ili nguo ya harusi ikae vizuri, kisha nywele zinaanza kumiminika harusi imeshapita. Kuanza au kuacha vidonge vya uzazi wa mpango. Kufiwa pia. Mjane aliyeingia eda hukaa miezi 4 na siku 10, na mara nyingi ni ndani ya muda huo huo nywele huanza kumtoka. Akiwa peke yake chumbani na huzuni yake, rahisi kwake kudhani amefanyiwa kitu. Mwambieni ukweli: huzuni nzito hufanya hivi, na nywele zitarudi.

Kubwa kuliko yote ni uzazi. Wakati wa mimba homoni huzishikilia nywele zisidondoke, ndiyo sababu mjamzito hupendeza nywele. Akishajifungua homoni hushuka, na zile zilizokuwa zidondoke kwa miezi tisa huanza kuanguka mwezi wa pili hadi wa nne, yaani arubaini imeshapita na watu wameshaondoka. Kunyonyesha hakuna makosa hapa, usimuachishe mtoto kwa ajili ya nywele. Kwa wazazi wengi hali hutulia kabla mtoto hajatimiza mwaka, na utaona vinywele vipya vimesimama kwenye paji. Akitimiza mwaka na bado zinatoka, au ulipoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, pima damu na tezi ya shingo.

Zipo pia dawa za hospitali zinazoweza kutoa nywele, miongoni mwake valproeti ya kifafa, warfarini ya kuzuia damu isigande, na baadhi ya dawa za presha. Usiziache mwenyewe. Kifafa kikirudi au damu ikiganda, hilo ni kubwa kuliko nywele. Mwambie daktari akupime na kukubadilishia ikibidi.

Hatua ya nne: uliza damu, hedhi na tezi

Hapa ndipo wengi wetu visiwani tunapopata jibu.

Mwili wenye upungufu wa madini ya chuma hukitumia kidogo kilichopo kutengeneza damu kwanza, na nywele hukosa. Jiulize: hedhi yangu inazidi siku saba, inatoka mabonge, nabadilisha kitambaa kila saa? Napanda ngazi moja roho inanienda mbio? Nina hamu ya kula udongo au mchele mbichi? Hamu hiyo ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma, nayo kwetu tunaichukulia kama tabia tu ya wajawazito. Hedhi nyingi pia zinaweza kutokana na uvimbe kwenye kizazi, na huo unahitaji kutibiwa wenyewe. Halafu kuna minyoo ya safura, inayoingia kwa miguu mitupu na kunyonya damu tumboni taratibu, na kichocho cha mkojo, ambacho Unguja na Pemba tunacho tangu zamani. Mtu anaweza kumeza vidonge vya chuma mwaka mzima ilhali safura wanaendelea kunyonya.

Kwenye sahani, chuma utakipata kwa dagaa, pweza, chaza, nyama, kunde na choroko. Kamulia ndimu juu ya mboga, maana husaidia kukifyonza. Chai ya rangi na ya maziwa hukizuia, kwa hivyo ipishe saa moja na zaidi baada ya chakula au vidonge vya chuma. Najua chai na maandazi ndiyo asubuhi yetu. Sikuambii uiache, ihamishe tu.

Tezi ya shingo ikizidi kufanya kazi au ikizembea, nywele huwa nyembamba kichwa kizima. Dalili za uzembe wake ni baridi isiyo na sababu, kunenepa, choo kigumu na uchovu. Za uzidishaji ni moyo kwenda mbio, jasho na kukonda. Tumia chumvi yenye madini joto, na usidhani kwamba kwa kuwa tunakula samaki basi inatosha. Chumvi ya kuvuna ufukweni isiyotiwa madini haina kinga hiyo.

Hedhi zinazopotea miezi, ndevu zinazoota kidevuni na chunusi nyingi zikikutana na nywele nyembamba za utosini, huenda ni matatizo ya homoni yanayohusu vifuko vya mayai. Vipele mashavuni vinavyozidi kwa jua, pamoja na viungo kuuma, vinaweza kuwa ni lupasi, maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Kaswende na VVU navyo hutoa nywele, na vyote viwili vina matibabu.

Hatua ya tano: viondolee lawama visivyo na makosa

Mtandio hautoi nywele. Mzizi unalishwa na damu, hauhitaji hewa ya nje. Kinachodhuru ni kuufunga juu ya nywele mbichi kila siku, mba wakastawi, na kikofia cha ndani kilichobana kinachosugua ukingo wa paji. Kausha kwanza, chagua kitambaa laini, badilisha pahala pa kifungo. Maji ya kisima yenye chumvi nayo hukausha nywele, hayang'oi mizizi.

Kuhusu kijicho na majini, soma dua zako na kisomo chako, hakuna ubaya. Ila usikubali kisomo kichukue zile wiki ambazo utosi ulikuwa bado unaweza kuokolewa.

Hatua ya sita: punguza unavyopaka

Mafuta ya nazi huulinda unywele uliopo, nayo nayapenda. Hayaoteshi mpya. Majani ya mkunazi husafisha kichwa bila kukikausha sana. Hina safi ya majani haina shida kubwa. Piko, na hina iliyotiwa rangi nyeusi, ina kemikali inayoweza kuvimbisha uso mpaka macho yakafunga. Ukishawahi kuwashwa nayo mkononi, usiipeleke kichwani abadan.

Mafuta ya karafuu na ya makonyo, yaani vikonyo vyake, ni fahari yetu, kiwanda cha Wawi kule Pemba kinajulikana, lakini ni makali. Yakipakwa bila kuzimuliwa huunguza ngozi. Kitunguu saumu kilichotwangwa vile vile. Ngozi iliyoungua hutoa nywele zaidi.

Vidonge vya "nywele na kucha" havina faida kwa asiyepungukiwa. Vitamini A ikizidi yenyewe hutoa nywele, na bayotini, vitamini inayotiwa kwenye vidonge hivi, ikiwa nyingi huweza kuvuruga majibu ya kipimo cha tezi. Kama unavimeza, mwambie daktari kabla ya kutoa damu.

Hatua ya saba: hospitali

Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Nenda na nywele zilizofumuliwa, usipake mafuta siku hiyo, chukua picha zako na majibu ya hatua ya tatu na ya nne yakiwa yameandikwa. Unaweza kuomba kuonwa na mwanamke. Uliza kuhusu wingi wa damu, akiba ya chuma, tezi, choo na mkojo. Ukiambiwa "hizo nywele tu", sema kwa upole kwamba unaomba upelekwe kwa daktari wa ngozi. Kwa Unguja ulizia Mnazi Mmoja, kwa Pemba anzia Chake Chake au Abdulla Mzee pale Mkoani, uulize daktari huyo anapatikana siku gani kabla hujapanda gari. Kwa jambo gumu, Moshi kuna chuo cha madaktari wa ngozi katika hospitali ya KCMC. Upaa wa kovu huenda ukahitaji kukatwa kipande kidogo cha ngozi, kwa ganzi, kipimwe. Usikikatae, ndicho kinachotoa jibu.

Ukiandikiwa minoksidili, ile dawa ya wembamba wa kurithi niliyosema nitaitaja, nayo ni ya kupaka, itumie kila siku kama ulivyoelekezwa. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kutoka zaidi kabla ya kutulia. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya miezi minne hadi sita, na ukiacha faida hupotea. Isitumiwe na mjamzito wala anayenyonyesha, na osha mikono ukimaliza, maana ikigusa uso huotesha vinyweleo.

Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, za kipilipili hata chini ya hapo. Piga picha mpya kila baada ya miezi mitatu, pahala pale pale na kwa mwanga ule ule. Muwasho au maumivu yakiendelea mwezi mmoja baada ya kuanza dawa, usingoje miadi, rudi.